Ng'ombe Aliyeburutwa Ndani ya Redio

Fungeni mlango kwanza. Okoth, vuta na hilo dirisha. Haya, sikilizeni: leo nimejivua nguo mwenyewe katikati ya soko la Nyamache, mchana kweupe, na watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Si nguo za mwili. Afadhali zingekuwa za mwili, maana mimi ni fundi, ningejishonea nyingine.

Nipeni hiyo chai. Na mtu asicheke mpaka nimalize, hasa wewe Okoth, ambaye ukianza kucheka majirani huja kuuliza nani amefariki.

Ninyi mnanijua. Tulichuma majani ya chai pamoja kule Kericho, tukalala chumba kimoja, mkakisikia Kiswahili changu kikizaliwa. Kiswahili changu ni cha mnyapara. Chuma haraka, weka hapa, kesho njoo mapema. Kwa lugha hiyo unaweza kujaza kikapu. Lakini niliporudi nyumbani na cherehani yangu, watu wa Nyamache wakaniuliza nilikuwa wapi miaka yote hiyo, na mdomo wangu ukasema Mombasa. (Msiniulize kwa nini. Mombasa nimeiona kwenye kalenda.)

Uongo wenyewe ulikaa kimya, haukumsumbua mtu. Kisha Osiemo akanunua redio.

Osiemo ndiye mwenye duka ambalo mimi nashonea barazani kwake. Alileta redio ya betri, akafunga waya juu ya mkaratusi, na tangu hapo duka lake likawa halina nafasi ya kutema mate. Kila siku ya soko, saa nane mchana, kuna mchezo wa kuigiza kutoka Nairobi. Unaendelea sehemu kwa sehemu, na waigizaji wake ni watu wa pwani watupu. Kiswahili chao kinatoka mbio kama mahindi yanayokaangwa. Sasa wazee wetu na kina mama Kiswahili hawakijui, wanajua Ekegusii chao tu. Wakaulizana: nani atufasirie? Wakakumbuka kwamba Momanyi fundi amekaa Mombasa.

Ningekataa? Niliogopa kukataa. Nikapanda juu ya sanduku la sabuni, sikio moja kwenye redio, nikawa nasikia sentensi, naitupa kwa Ekegusii. Nikishika nusu, nusu nyingine naimalizia mwenyewe. Nisiposhika kitu, naongeza ng'ombe.

Ndiyo, ng'ombe. Ngojeni.

Katika mchezo kuna mama mjane anaitwa Bi Zuhura. Anakaa na mwanawe wa kiume katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Na kuna shemeji yake, ndugu wa marehemu, anaitwa Sefu. Jamani, huyo Sefu! Sauti yake laini kama mafuta ya samli. Anamwendea mtoto, anamnong'oneza kwamba mama yako anataka kuiuza nyumba. Anatoka hapo, anamwendea mama, anamwambia mwanao anakuibia. Kisha wakigombana, yeye ndiye anayewapatanisha, na analia. Analia vizuri kuliko mtu aliyefiwa. Kila akimaliza kulia, anajisemea peke yake, kwa sauti ya chini, maneno yale yale: nataka mahali pangu.

Mimi nikasikia mahari.

Msinitazame hivyo. Ninyi mnajua sisi Wakisii, l na r kwetu ni mtoto mmoja mwenye majina mawili. Na hilo neno la pili, "pangu", nililisikia vizuri kabisa. Lakini sisi wa bara kila kitu ni yangu: kiti yangu, mtoto yangu, mahali yangu. Nikaona "pangu" ni madaha ya pwani tu. Kwa hiyo nikawageukia watu nikawaambia: anasema anataka ng'ombe zake za mahari.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ila mimi sikujua. Mimi niliona yananoga.

Kwa sababu hadithi ya mtu mbaya anayetaka kumfukuza mjane, hiyo wangeisikiliza mara moja na kwenda kunywa uji. Lakini hadithi ya mtu mbaya anayetaka ng'ombe! Soko zima likaanza kuuliza: ng'ombe gani? Za nani? Kwa nini azidai kwa mjane? Mchezo ukiisha hakuna anayeondoka. Osiemo alishikilia kwamba Sefu ni mchoyo basi, na mchoyo hahitaji sababu. Mama Nyanchera, yule anayeuza uji, akasema hapana, huyo alimpenda Zuhura tangu ujana akakataliwa, anayofanya yote ni kidonda cha moyo. Wakabishana mpaka uji ukaungua.

Aliyewanyamazisha ni Nyabuto. Huyo ni mzee wa kesi za mashamba na ng'ombe, tunamwita omogaka, yaani mzee mwenye heshima yake, na akifungua mdomo hata mbuzi wanatulia. Nyabuto alisema jambo hili mbona liko wazi. Sefu alikuwa na dada. Dada akaolewa, ng'ombe wakaja, na ng'ombe wale walikuwa wa Sefu, aoe nao. Lakini kaka yake mkubwa akawachukua, akaenda kumwoa Zuhura. Sefu akaambiwa ngoja. Akangoja mpaka kaka akafa. Sasa anadai haki yake. Hila anafanya, machozi ya uongo analia, hayo mabaya. Lakini madai yenyewe, akasema Nyabuto, madai ni ya kweli.

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga. (Mjinga mimi. Nilikuwa napigia makofi kaburi langu.)

Tangu siku hiyo Sefu akawa na watetezi. Na mimi, kwa kuona wanafurahi, nikawa nawalisha. Sefu akikohoa, nasema anamkumbuka ng'ombe wake mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Bi Zuhura akiomba maji, nasema anakiri ng'ombe walikuwa wanono. Yule mweusi mwenye baka alipendwa sana. Mama Nyanchera akawa ananiuliza habari zake hata siku ambazo si za soko.

Sasa niwaambie kwa nini niko hapa Kiogoro na si nyumbani kwangu.

Mke wangu Kerubo mnamjua. Mlikuja harusini. Ng'ombe niliomwoa nao walitoka wapi? Walitoka kwa dada yangu Moraa, alipoolewa kule Masimba. Na Moraa, kwa mpango wa nyumbani, alikuwa dada wa Ondieki, mdogo wangu, yaani mahari yake ndiyo ya kumwolea Ondieki mke. Ng'ombe wale walikuwa wa Ondieki. Marehemu baba ndiye aliyeamua nioe mimi kwanza kwa kuwa mimi ni mkubwa, akamwambia Ondieki angoje. Kisha baba akafariki, na Ondieki anangoja mpaka leo, ana ndevu, hana mke, anajipikia.

Hakuwahi kulalamika. Ni mtu mpole, haongei. Alikuwa anakuja dukani kila siku ya mchezo, anasimama kule nyuma karibu na magunia ya chumvi. Mimi nilifurahi kumwona. Nilidhani anakuja kujivunia kaka yake.

Haya. Leo asubuhi nimekaa barazani nashona, nimekalia kiti cha baba, kile kizito cha mninga, mimi ndiye niliyekirithi. Nainua macho namwona Ondieki anakuja. Amevaa koti la baba.

Lile koti halivaliwi hovyo. Baba alilivaa siku za kesi tu, na alipokufa lilining'inizwa, hakuna aliyeligusa. Nikamwuliza Ondieki unaenda wapi umevaa hivyo. Akasema haendi popote, amekuja kusikiliza mchezo. Nikamwambia mchezo ni saa nane. Akasema anajua. Akakaa juu ya gunia, mikono magotini, akanitazama nikishona. Nilitoboa kidole mara nyingi mpaka shati la watu likawa na damu kwenye kola.

Kufika saa sita soko limejaa. Kerubo amekuja na ndizi zake, amezitandaza mbele ya duka, mtoto mgongoni. Nikamnong'oneza: Ondieki amevaa koti. Akasema ameliona. Kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa hajaniambia, kwamba jana Ondieki alipita nyumbani akauliza ng'ombe wa Moraa walikuwa rangi gani. Kerubo akamjibu hakumbuki, ila mmoja alikuwa mweusi.

"Mwenye baka?" ndivyo Ondieki alivyomuuliza.

Ndugu zangu, niliingiwa na baridi. Jua liko utosini na mimi nasikia baridi. Nikataka kumwambia Osiemo redio iwekwe mbali leo, betri zipumzike. Lakini watu walikuwa wameshakaa. Nyabuto ameshaletewa kigoda chake mbele kabisa, na kando yake amekaa Ondieki, safari hii si kule kwenye chumvi. Kigoda kwa kigoda na mzee wa kesi. Nikapanda sanduku langu la sabuni.

Mchezo ukaanza. Leo Sefu hakulia. Alifika nyumbani kwa Bi Zuhura, akabisha hodi kwa adabu, akasema amechoka na hila, leo atasema wazi. Hiyo niliishika yote, nikaifasiri. Watu wakasogea. Akasema: "Nataka mahali pangu." Nikasema: anataka ng'ombe zake. Watu wakaitikia kama kanisani.

Kisha Bi Zuhura akauliza, polepole, kila neno peke yake, nadhani ndiyo mara ya kwanza mama yule kusema polepole tangu mchezo uanze: "Mahali gani, Sefu?"

Na Sefu akamjibu: "Mahali pale, shemeji. Pale dirishani, alipokuwa akikaa baba. Niliondolewa pale nikiwa mdogo. Leo narudi kukaa."

Pale. Pangu. Alipokuwa. Kukaa.

Mtu anawezaje kukaa kwenye mahari? Hata Kiswahili cha mnyapara kinajua kukaa. Yule mnyapara wetu alikuwa akitufokea kila siku, usikae! Nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, pale juu ya sanduku, na watu wote wameinua nyuso wananingoja mimi. Hakuna ng'ombe. Hakujawahi kuwa na ng'ombe. Mtu alikuwa anataka nafasi yake ya kukaa, na mimi nimemletea zizi zima.

Ningesema ukweli pale pale, yangekuwa yamekwisha. Lakini nilimtazama Nyabuto, nikamtazama Ondieki na lile koti. Niliogopa. Na kabla sijaamua, ikatoka sauti ndani ya redio: kriiiii, kriiiii. Kiti kizito kinaburutwa sakafuni.

Nyabuto akaniuliza hiyo ni nini.

Nikasema: "Ni ng'ombe."

"Ndani ya nyumba?"

"Anaingizwa sebuleni, omogaka. Anaburutwa, hataki."

Mama Nyanchera akauliza mbona halii. Nikamwambia ng'ombe wa pwani hawalii sana. (Nilisema hivyo. Mimi, Momanyi, mtu mzima, baba wa mtoto.) Kisha kwenye redio kiti kikalalamika, Sefu ameketi, akashusha pumzi ndefu, akasema: "Pazuri." Watu wakataka kujua amesema nini. Nikasema amesema amenona.

Soko lililipuka kwa furaha. Kina mama wakapiga vigelegele. Mweusi mwenye baka amerudi kwa mwenyewe! Nyabuto alivua kofia, akasema haki imetendeka hata kama ni kwa watu wa pwani. Osiemo, yule aliyekuwa akisema Sefu ni mchoyo tu, akakubali kushindwa. Kwenye redio wakaingiza muziki, mchezo ukaisha. Mimi nikaanza kushuka kwenye sanduku taratibu, mguu mmoja uko chini, nafikiria njia ya nyuma ya duka.

Ondieki akasimama.

Alisimama hivi, akafunga vifungo vya koti la baba. Hajawahi kusema mbele za watu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini alisema. Alisema wazee wamesikia, Sefu amerudishiwa ng'ombe wake. Yeye pia ng'ombe wa dada yake walimwolea kaka yake mke, akaambiwa angoje, na amengoja bila hila, bila machozi ya uongo, bila kumnong'oneza mtu. Kisha akamalizia kwa neno la Kiswahili, alilolisikia kwangu mimi.

"Na mimi nataka mahari yangu."

Nyabuto akanigeukia, na sikuona hasira usoni mwake, nikaogopa zaidi. Akasema siku zote hizi tumeketi hapa tukisema Sefu ana haki. Hatuwezi kusema hivyo kwa mtu wa redio halafu tugeuke kwa mtoto wetu. Akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema nina mtamba mmoja, na ni mwembamba. Akasema basi wengine itabidi wafuatwe huko walikokwenda, kwa baba mkwe wangu.

Ninyi mnajua maana yake. Ng'ombe wakirudi, mke anarudi kwao. Hakuna njia nyingine.

Nilimtafuta Kerubo kwa macho. Alikuwa ameanza kukusanya ndizi zake. Hakupiga kelele, hakulia, alikuwa anapanga ndizi kwenye kikapu moja moja, mtoto amelala mgongoni na kichwa kimeinama upande. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama chumvi imekwisha.

"Kwa hiyo tunarudi kwa baba yangu?"

Sikumbuki kurudi juu ya sanduku. Nakumbuka nilikuwa juu yake na nilikuwa napiga ukelele.

"Ni kiti!"

Watu wakatazamana. Nyabuto akauliza nini ni kiti. Nikasema kile kilichoburutwa. Si ng'ombe. Ni kiti. Sefu hataki mahari, anataka mahali, ni maneno mawili yanafanana, mimi ndiye sikuyajua, anataka mahali pa kukaa alipokuwa akikaa baba yake, hakuna ng'ombe, hakukuwa na dada, hakukuwa na chochote. Nilisema yote kwa pumzi moja. Jasho linanitiririka mpaka ndani ya viatu.

Nyabuto akafikiri. Mzee huyo hana haraka. Akauliza: na siku ile Sefu alipomlilia ng'ombe aliyevunjika mguu? Nikasema siku ile nadhani alikuwa na mafua.

Mama Nyanchera akasogea karibu, mwiko wa uji bado mkononi. Aliniuliza kwa sauti ndogo, na hiki ndicho kilichoniuma kuliko vyote.

"Na yule mweusi mwenye baka?"

"Hayupo, mama."

"Amekufa?"

"Hakuzaliwa."

Akaketi chini. Alimpenda kweli yule ng'ombe. Na mtu mmoja kule nyuma, sijamjua ni nani mpaka sasa na sitaki kumjua, akapaza sauti akauliza: kwani Mombasa wanafundisha Kiswahili gani? Nikasema sijafika Mombasa. Nilikuwa Kericho, kwenye majani ya chai.

Hapo ndipo walipocheka. Mimi nimeshaona watu wakicheka, lakini si vile. Watu walishikana mabega. Mzee mmoja alianguka na kigoda chake. Osiemo alicheka mpaka akaizima redio kwa bahati mbaya. Watoto wakaanza kukimbia sokoni wakiburuta masanduku, kriiiii, kriiiii, wakisema ng'ombe wa pwani hao. Nilisimama juu ya sabuni, sina pa kutazama, na bado naogopa, kwa sababu sikuwa nimesikia jibu la Nyabuto wala sikuwa nimemwona Ondieki akicheka.

Ondieki hakuwa anacheka. Alingoja wenzake watulie, akaniuliza kwa upole wake ule ule.

"Kwa hiyo Sefu anataka nini hasa?"

Nikamwambia. Mahali pake. Mahali alipokuwa akikaa baba yao.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu akakipima. Kisha akapita katikati ya watu, akapanda baraza, akaenda kwenye cherehani yangu. Akakishika kile kiti cha baba kwa mikono miwili, akakivuta kukitoa nyuma ya cherehani, juu ya saruji ya Osiemo. Kriiiii. Sauti ile ile. Akaketi, koti la baba, kiti cha baba, na naapa kwa dakika ile alifanana na baba mpaka nikataka kumwamkia.

"Basi na mimi nataka mahali pangu," akasema. "Na mahari pia. Yote mawili."

Na alilisema kila moja lilivyo. Mahali. Mahari. L yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Safari hii Nyabuto naye alicheka, meno yake yote matatu nje. Alipomaliza akakata shauri. Alisema ng'ombe walioko kwa baba mkwe wangu wakae huko huko, maana nyumba yenye mtoto haivunjwi kwa sababu ya redio. Lakini Sefu kutokuwa na madai hakumfanyi Ondieki akose yake. Yule mtamba ni wake kuanzia leo. Wengine nitawalipa kwa kushona, mmoja mmoja, mpaka aoe. Na mpaka aoe, kiti cha baba ni chake.

Nikauliza, kwa unyenyekevu, mimi nitashona nimekaa wapi. Akasema kuna sanduku la sabuni.

Nikashuka, nikamwendea Kerubo. Alikuwa ameacha kukusanya ndizi. Mabega yanatikisika, kanga ameifunika usoni, nikadhani analia, nikaanza kumwomba msamaha, nikamshika mkono. Akaifunua kanga. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo kwa kuchekwa. Haendi popote! Nikajibwaga kando yake kwa furaha, nikakaa juu ya ndizi. Zilikuwa mbivu.

Akatazama ndizi zake. Kicheko kikakoma. Akaniambia nimwondokee mbele ya macho, niende kwa wenzangu wa Kericho niliokuwa nao huko Mombasa, nisirudi mpaka kesho, kwa sababu leo kila atakayepita nyumbani ataburuta kitu na yeye hana nguvu ya kucheka tena. Nikaona lori la ndizi linaondoka, nikadandia nyuma. Hata nikiwa barabarani nilikuwa nawasikia. Walikuwa wameanza tena kubishana. Nyabuto anasema kama ni kiti tu basi Sefu ni mtu mbaya kabisa, na Mama Nyanchera anasema hapana, mtu anayelilia kiti cha baba yake ana kidonda kikubwa kuliko anayelilia ng'ombe. Mimi nadhani Sefu ni mwoga tu. Alianza na uongo mdogo, watu wakauamini, akakosa pa kushukia. Lakini hakuna aliyeniuliza, na nadhani hakuna atakayeniuliza tena.

Haya, nimemaliza. Cheka sasa, Okoth, naona mishipa ya shingo inataka kupasuka. Cheka lakini chini chini. Na nisogezeeni mkeka, naombeni mahali kwa leo tu.

Mahali, nimesema. Sitaki ng'ombe.